Sungura amevimba tumbo? Anza kwa kuangalia choo chake

Mvua za Septemba zikianza hapa Bukavu, simu za sungura huongezeka. "Dokta, amevimba tumbo, hataki kula, nimpe nini?" Mimi huuliza kwanza: alikula lini mara ya mwisho, na choo chake cha leo kikoje? Gesi kwa sungura ni nadra kuwa ugonjwa unaojitegemea. Mara nyingi ni dalili kwamba utumbo umepunguza mwendo au umesimama kabisa. Ukihangaika na gesi peke yake huku utumbo umelala, jioni utamkuta amevimba tena.

Majani anayokula sungura huchachushwa na vijidudu ndani ya sikamu, mfuko mkubwa ulio pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Mfuko huo hubeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo tumboni mwake. Ni kama mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi: uchachu hausimami eti kwa kuwa mwenye mtungi amelala. Utumbo ukienda vizuri, gesi hutoka kidogo kidogo wala hutaiona. Ukilegea, uchachu unaendelea, gesi inakusanyika, tumbo linauma, na maumivu yenyewe yanazidi kuulegeza utumbo. Tena sungura hawezi kutapika. Kilichoingia sharti kipite chote hadi mwisho.

Kumtambua kunataka jicho, kwa sababu sungura ni mnyama wa kuwindwa na huficha maumivu mpaka yamzidi. Mtazame anavyokaa. Mzima hujinyoosha na kulala ubavu. Mwenye gesi hujikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, au hulaza tumbo sakafuni, akainuka, akageuka, akalilaza tena. Sogeza sikio karibu na taya: akisaga meno kwa sauti kavu na nzito, anaumwa. Usichanganye na ule mtetemo mwepesi wa meno anaoutoa unapomkuna kichwa, huo ni wa raha. Kisha shika masikio. Yakiwa baridi kuliko kawaida yake, usisubiri kesho. Joto la mwili wa sungura ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, na likishuka chini ya 38 hali ni mbaya.

Sasa choo. Kinyesi cha mzima ni punje za duara, kavu, zinazolingana, na zikivunjwa utaona nyuzinyuzi za majani. Kabla utumbo haujasimama, punje huanza kuwa ndogo, ngumu, zenye maumbo tofauti, pengine zimefungamana kwa manyoya. Mwenye kufagia kizimba kila asubuhi huliona hili siku moja au mbili kabla tumbo halijavimba, na ndiyo maana nawasihi wazazi wasiwaachie watoto peke yao kazi hiyo. Manyoya yenyewe yasikutishe. Ndani ya tumbo la sungura huwa kuna manyoya siku zote kwa kuwa anajilamba. Hukauka na kugandamana pale utumbo unapokosa maji na mwendo.

Kuna hali moja ambayo haina tiba ya nyumbani. Asubuhi alikuwa anarukaruka, saa chache baadaye amelala hoi, baridi, na tumbo limekaza hasa upande wa kushoto nyuma ya mbavu. Huenda njia ya chakula imeziba. Hapo usimkande, usimlishe, usimnyweshe chochote kwa nguvu, mlete kwa daktari wa wanyama mara moja. Mimi hupima sukari ya damu kwa kipimo kidogo kama kile cha wagonjwa wa kisukari: ikipanda kupita milimoli 20 kwa lita, shaka ya kuziba huwa kubwa. Na njiani tafadhali, hata kama unatoka Bagira kwa pikipiki, usimning'inize ndani ya mfuko. Mweke kwenye kikapu chenye nyasi, funika kwa kitambaa, ukipakate. Hofu nayo husimamisha utumbo.

Kama tumbo bado ni laini, yuko macho na masikio yana joto, kuna mambo ya kufanya ukiwa unatafuta daktari. Mpe joto akianza kupoa: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, karibu naye, na nafasi ya kuondoka akitaka. Mpe maji kwenye bakuli, maana sungura wengi hunywa zaidi bakulini kuliko kwenye chupa ya kunyonya. Mwache atembee sakafuni, mwendo wa miguu husaidia mwendo wa utumbo. Mkande tumbo kwa vidole vilivyolegea, dakika chache tu, na uache akikaza misuli. Simetikoni, dawa ya matone ya gesi ya watoto wachanga, inapatikana kwenye farmasi nyingi. Hukusanya viputo vidogo viwe vikubwa, vitoke kwa urahisi. Kwa sungura wa kilo 2 natumia miligramu 20 hadi 40, narudia baada ya saa moja, bila kupita mara tatu. Haina madhara makubwa, ila haiamshi utumbo wala haiondoi maumivu. Dawa ya maumivu aiandike daktari. Usikate kipande cha kidonge chako ukampa.

Akikataa kula, na una hakika hakuna kuziba, alishwe kwa seringi isiyo na sindano. Loweka granule za sungura, yaani chakula chake cha dukani, au saga majani makavu yawe unga, changanya na maji. Toa kama mililita 10 kwa kila kilo ya uzito, mara nne au tano kwa siku. Mshike amekaa kwa miguu yake, kamwe usimlaze chali, na upitishe seringi pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, polepole, ukingoja ameze. Wanaommiminia mafuta ya mawese ili "kulainisha" wanamhatarisha: mafuta yakiingia mapafuni, ugonjwa unakuwa mwingine.

Jambo linaloniumiza zaidi ni antibiotiki. Mtu ana kapsuli za amoksisilini nyumbani, anafungua moja, anampa kidogo kwa nia njema. Amoksisilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, klindamisini: zote huua vijidudu vyema vya sikamu, bakteria wabaya wa Klostridiamu wakapata nafasi na kutoa sumu. Kuhara hufuata, kisha kifo. Simbiliki nao ni hivyohivyo. Nawaomba sana, msiwape.

Kwa nini mvua? Kwa sababu ya majani. Watu wanakata yakiwa yamelowa, wanayashindilia guniani, na kesho yake katikati ya gunia kuna joto. Majani hayo yameshaanza kuchacha kabla hayajafika tumboni. Yatandaze kivulini yanyauke kabla ya kuyatoa, na kipindi cha jua kausha akiba, kwa sababu nyasi kavu nzuri ni vigumu kuzikuta sokoni kwetu. Majani ya tembo na tripsakamu, nyasi za kulisha mifugo, yanafaa, tumia majani zaidi kuliko mashina. Nyasi ziwe sehemu kubwa ya chakula chake kila siku. Kabichi toka soko la Kadutu, majani ya maharagwe, pumba za mahindi, mkate, biskuti za watoto, maganda ya ndizi: baadhi havifai kabisa na vingine ni vya kuonja tu. Chakula kipya kianze kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Akipona, choo cha kwanza kitakuwa kidogo na cha ajabuajabu. Endelea na nyasi na maji mpaka punje zirudie ukubwa wake. Gesi ikirudi tena na tena ingawa chakula ni kizuri, mwombe daktari aangalie meno ya nyuma. Meno ya sungura hayaachi kukua, na magego yakiota ncha hukata ulimi na mashavu. Anayeumwa mdomo huziacha nyasi kwanza, akachagua vitu laini, na tumbo likafuata.