Joto la Paka Si Homa, na Panadol Si Dawa Yake

Simu za usiku katika hospitali ya wanyama zinafanana. "Daktari, paka wangu anachemka. Nimempa nusu ya Panadol lakini naona hali inazidi." Anayepiga si mzembe. Kamshika mnyama wake tumboni, kahisi joto, akamfanyia kile ambacho angemfanyia mwanawe. Lakini kwa paka, nusu ya kidonge hicho inatosha kuua.

Shida inaanzia kwenye kiganja. Mbwa au paka mzima wa afya ana joto la mwili la kati ya nyuzi 38 na 39.2, wakati binadamu tuko kwenye 37 hivi. Kwa hiyo mnyama asiyeumwa chochote atakuwa wa moto mkononi mwako leo, kesho na siku zote. Pua kavu nayo haisemi lolote. Mbwa akiamka usingizini au akitoka juani pua hukauka. Homa ya mnyama hupimwa kwa kipimajoto kinachoingizwa taratibu njia ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta ya mgando. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinafaa kabisa, ila kiwekee alama kisije kurudi kwenye matumizi ya familia.

Sasa kwa nini parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol, inaua paka? Ini la binadamu huivunja dawa hiyo kwa msaada wa kimeng'enya ambacho paka anacho kidogo mno. Dawa isipopata njia hiyo hugeuka sumu inayoshambulia chembe nyekundu za damu, nazo zikashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja kina miligramu 500. Paka wetu wa kawaida ana kilo 3 au 4, na madhara yameshaonekana kwa paka waliopata miligramu 10 tu kwa kila kilo ya mwili. Piga hesabu mwenyewe: hata robo ya kidonge imezidi kiwango hicho mara tatu kwa paka wa kilo 4. Ndani ya saa chache fizi huwa za kahawia, uso na nyayo huvimba, mnyama anahema kwa shida na kudondosha mate. Dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, lakini nguvu yake inategemea umefika saa ngapi.

Mbwa anastahimili zaidi kidogo, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu mbwa wa jirani alipewa akapona. Naye akizidishiwa, ini huharibika. Ibuprofeni na diklofenaki ni mbaya zaidi kwake: hutoboa utumbo na kusimamisha figo. Ukiona mbwa aliyekuwa anachechemea tu, ukampa kidonge cha maumivu, na siku ya pili anatapika na kutoa kinyesi cheusi kinachonata, usisubiri siku ya tatu.

Badala ya kumpapasa ukitafuta homa, jifunze kusoma fizi. Mnyama akiwa mzima na ametulia, inua mdomo wake wa juu pembeni. Fizi ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Wapo mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili; kwao tazama upande wa ndani wa kope la chini. Fanya hivyo usiku huu huu akiwa hana tatizo, ili siku ya tatizo ujue kilichobadilika. Fizi nyeupe, za njano, za bluu au za kahawia ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe

Baada ya kabati la dawa za watu, hatari ya pili iko stoo. Mbwa ana kupe, na nyumbani kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki. Inapimwa kwa kifuniko cha chupa ya soda, inamwagwa kwenye ndoo, mbwa anaogeshwa, na kwa kuwa paka naye ana viroboto, anapitishwa kwenye maji yale yale.

Dawa hizo haziko kundi moja. Zipo zenye amitrazi, ambayo ikizidi humfanya mbwa alegee, apoe mwili na mapigo ya moyo yashuke. Kwa paka haifai hata kidogo. Zipo za jamii ya pirethroidi, kama sipamethrini na pamethrini, ambazo ng'ombe na mbwa wanazihimili kwa kipimo sahihi lakini paka ini lake haliziwezi: huanza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima, kisha degedege. Na zipo za kundi la ogano-fosfeti, ambazo humfanya mnyama atokwe mate, machozi na kuharisha huku mboni za macho zikisinyaa. Kumbuka pia kwamba paka hujilamba. Kilichopakwa mgongoni kitakuwa tumboni kabla ya jua kuzama.

Akishapakwa kimakosa, mwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunge kitambaa asijilambe na asipate baridi, kisha mlete pamoja na chupa ya dawa. Chupa ndiyo inayotueleza tupambane na kitu gani. "Ile dawa ya maji meupe" haitusaidii.

Na kusema kweli, kumwaga dawa kali zaidi hakuwamalizi kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa akishanyonya damu hushuka, akaenda kutaga mayai yake, maelfu, kwenye nyufa za ukuta, chini ya matandiko na kwenye kona za banda. Wale unaowaona masikioni ni sehemu ndogo ya walio nyumbani. Ziba nyufa, fagia na choma matandiko makuukuu, nyunyizia banda mbwa akiwa nje, na kwa mwili wake tumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa. Kupe hao hueneza magonjwa mawili tunayoyatibu kila wiki, babesia na elikia. Mbwa wa babesia hukojoa mkojo wa rangi ya damu au kahawia. Wa elikia anaweza kutokwa damu puani bila kuumia popote.

Mahindi "ya mbwa"

Hili linaniuma zaidi, kwa sababu linafanywa kwa kubana matumizi na linaonekana halina ubaya. Gunia limeingia maji, mahindi yameota ukungu. Mazuri yanachambuliwa ya kula watu, mabovu yanasagwa: "hayo ya mbwa."

Ukungu wa aina hiyo hutoa sumukuvu. Kenya mwaka 2004 watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Tanzania nayo ilipoteza watu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huathirika upesi sana na sumu hiyo. Kuisonga ugali hakuiondoi, maana joto la jikoni haliivunji. Mbwa anaanza kwa kukataa chakula, watu wanadhani anadeka. Halafu anatapika, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakolea, na mwisho anatokwa damu. Hatuna dawa ya kuifuta sumu hiyo. Tunachoweza ni kulisaidia ini kwa dripu na kusubiri.

Mahindi mabovu yatupwe, asipewe kuku wala mbwa. Mbwa akila dona safi na dagaa au utumbo uliopikwa anaishi vizuri. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande vyenye ncha. Wala usimrushie mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji kutoka machinjioni. Humo ndimo anamopata tegu mdogo ambaye mayai yake, yakiingia kwa mtoto anayecheza na mbwa huyo, huota uvimbe wa maji kwenye ini la binadamu. Wafugaji wa Turkana wanaujua ugonjwa huo kwa machungu.

Sumu ya panya ina sura mbili. Ile ya dukani, aghalabu ya rangi ya bluu, nyekundu au kijani, huzuia damu kuganda. Mnyama aliyeila anaonekana mzima siku mbili tatu, kisha anaanza kuvuja damu ndani. Anatibika kwa vitamini K1, tena kwa wiki kadhaa, akiletwa kabla hajaanza kuvuja. Ile nyingine ni inayouzwa kwa kipaza sauti barabarani, isiyo na jina wala kibandiko, na hakuna anayejua kilichomo. Hiyo usiiingize nyumbani kwako hata kama huna mnyama.

Akishakula sumu

Watu hukimbilia maziwa. Maziwa hayaui sumu, na kwa baadhi ya sumu mafuta yake husaidia ifyonzwe haraka. Maji ya chumvi ya kumtapisha yanaweza kumuua kwa chumvi yenyewe. Mkaa wa jikoni uliotwangwa si ule mkaa wa hospitali wa kunasa sumu tumboni. Mnyama aliyekunywa mafuta ya taa, dawa ya kufanyia usafi yenye klorini au maji ya betri hatapishwi kamwe, kwani kile kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda, au kitaingia kwenye mapafu. Na anayetetemeka au aliyezimia asiwekewe kitu chochote mdomoni.

Piga simu, sema amekula nini, kiasi gani na lini. Beba pakiti. Kama ametapika, chota matapishi kwenye mfuko uje nayo, hatutaona kinyaa.

Mfupa uliokwama

Kuna hali moja ambayo nakuomba uondoe mkono wako kabisa. Mbwa taya limelegea, mdomo uko wazi, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, amekaa pembeni kimya. Kila mtu anasema mfupa umemkwama, na mwenye moyo anaingiza vidole kooni kuutoa.

Inaweza kuwa mfupa kweli. Inaweza pia kuwa kichaa cha mbwa cha aina ya kimya, ambacho hakina kukimbia ovyo wala kung'ata kila kilicho mbele. Kirusi kimeshapoozesha misuli ya taya na koo. Mate yale ndiyo yenye kirusi, na mchubuko mdogo wa kidole unatosha. Mfungie mbwa huyo mahali peke yake bila kumshika, ita daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata.

Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyeguswa na mate kwenye kidonda aoshe pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Hakuna pilipili, mafuta ya taa wala majani. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni jambo la nadra mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka kutokana na ugonjwa huu, na watoto chini ya miaka 15 ni asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa. Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa mawe kama anaweza kufungiwa salama. Akikaa hai na mzima kwa siku 10, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyong'ata, na habari hiyo ina thamani kubwa kwa daktari anayemtibu mtu.

Pemba wameonyesha kwamba ugonjwa huu unaondoka: mbwa walichanjwa kwa kampeni hadi ukatoweka kisiwani, na ulipoingia tena kutoka nje, uchanjaji uliuzima. Lengo ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo. Paka nao wachanjwe.

Chanjo ya kichaa huanza mnyama akiwa na miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya chanjo iliyotumika. Kwa watoto wa mbwa kuna adui anayetangulia, parvo, anayewaharisha damu na kuwaua ndani ya siku chache. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16. Wengi wanachanja mara moja wakaishia hapo, kisha wanatulaumu. Kinga aliyonyonya kwa mama yake huizuia chanjo ya mapema isifanye kazi, na hakuna anayejua kwa jicho siku kinga hiyo inapokwisha, ndiyo maana tunarudia. Kama nyumba yako ilishapoteza mbwa kwa parvo, kirusi kinaweza kuishi kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi. Usilete mtoto mwingine kabla hajamaliza chanjo zote. Minyoo ni rahisi: dawa tangu wiki ya 2, kila baada ya wiki 2 hadi afike wiki 8, halafu kila mwezi mpaka miezi 6, na baadaye kila miezi 3.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na karibu na siku hiyo halmashauri nyingi huendesha uchanjaji mitaani. Sikiliza matangazo ya serikali ya mtaa. Mbwa aletwe na mtu mzima anayemzoea, akiwa na kamba. Paka kwenye kapu lenye mfuniko au boksi lililotobolewa. Njoo na kadi yake ya chanjo. Asiye na kadi aje hivyo hivyo, tutamfungulia.