Je, wajua kwa nini Lincoln aliwapa wanasiasa ujenerali?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwezi Aprili 1861, jeshi la serikali kuu lilikuwa na askari wapatao 16,000 tu, ndipo Rais Abraham Lincoln akaitisha wanamgambo 75,000 kutoka majimboni. Magavana ndio waliowakusanya na kuteua maofisa wao, na kupitia mlango huo siasa na fedha zikaingia jeshini.

Mfano ulio wazi ni wa Benjamin Butler, wakili tajiri wa Massachusetts aliyekuwa na hisa katika kiwanda cha nguo. Cheo cha wanamgambo alikuwa nacho, lakini Gavana John Andrew alikusudia kumkabidhi brigedi ofisa mwingine. Butler akampelekea telegramu Waziri wa Vita, Simon Cameron, ili serikali kuu ilitake jimbo litoe brigedia jenerali, yaani mkuu wa brigedi; kisha akazungumza na wenye benki, akijua kwamba jimbo lilihitaji mkopo wa kuwagharimia askari. Benki ikakubali kukopesha, ikasema pia inamtaka nani aongoze. Gavana akaridhia kwa shingo upande.

Lincoln naye alikuwa na hesabu zake. Butler alikuwa wa chama pinzani cha Democratic, na kwenye mkutano wa chama mwaka 1860 alimpigia kura Jefferson Davis mara nyingi, Davis yuleyule aliyekuja kuwa rais wa waasi wa majimbo ya kusini. Kumfanya mtu wa namna hiyo meja jenerali, Mei 1861, kuliwaonyesha wapinzani kwamba vita hivi ni vyao pia. Vivyo hivyo Franz Sigel, mzaliwa wa Ujerumani, aliteuliwa kuwa jenerali ili wahamiaji wa Kijerumani wajiandikishe. Mimi simlaumu Lincoln kwa hilo, maana bila watu hao asingepata jeshi, lakini waliolipa deni ni askari wa kawaida. Aprili 1864 Jenerali Henry Halleck, mkuu wa utumishi wa jeshi la Lincoln, alimwandikia jenerali mwenzake William Sherman kwamba kuwakabidhi akina Butler na Sigel amri kubwa kunakaribia kuwa mauaji, ila kuzuia hakuwezekani. Mwezi uliofuata Sigel alishindwa huko New Market, Virginia, na miongoni mwa waliomshinda walikuwamo wanafunzi wa chuo cha kijeshi.

Desemba 1864 Butler alitumwa kuiteka Fort Fisher, ngome ya waasi huko North Carolina. Meli iliyosheheni baruti ikalipuliwa karibu na ngome bila kuidhuru. Akashusha sehemu ya askari ufukweni, kisha akaamuru waondoke. Uchaguzi ulikuwa umekwisha Novemba, Lincoln ameshinda, na kura za marafiki wa Butler hazikuhitajika tena. Januari 1865 akavuliwa uongozi. Ngome ilianguka tarehe 15 mwezi huohuo, chini ya Alfred Terry, wakili mwingine, ambaye yeye alikuwa amejifunza vita vitani.