"Hayanihusu, mimi karani tu": dhana potofu kuhusu ubaguzi kazini

Kwa miaka minne niliandika orodha ya zamu katika kampuni moja ya ujenzi hapa Mtwara. Kazi yenyewe ndogo: kalamu, rula, daftari kubwa, na foromani kasimama begani anakutajia nani aingie na nani apumzike. Mwaka mmoja wa uchaguzi akaniambia nikate jina la dereva wetu wa tipa. Sababu alinipa mwenyewe, tena anacheka: "Jana nimemwona Mikindani kavaa fulana ya wale jamaa." Nikaweka rula, nikachora mstari ulionyooka vizuri kabisa. Chama gani, sisemi. Mchezo huo nimeuona ukichezwa na watu wa fulana za kila rangi.

Tangu hapo nimekuwa nikiyasikiliza maneno tunayojifunika nayo tukishaona jambo kama lile. Mengi si kweli.

"Tanzania hakuna ubaguzi wa rangi."

Kambini kwetu mafundi wa kigeni walikuwa na mtungi wa maji baridi kivulini. Vibarua walikuwa na pipa, limekaa juani, na kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa kamba. Hapakuwa na tangazo lolote. Kijana mgeni wa kazi alipokwenda kukinga maji kwenye mtungi aliitwa "boi" mbele ya watu, akarudi pipani, na sisi tuliokuwa tunakunywa chai ya saa nne tukaangalia vikombe vyetu.

Ila tusijifanye malaika. Lindi nilimfahamu mhasibu mwenye asili ya Kihindi, babu yake kazikwa huko huko, Kimwera anakijua kuliko mimi. Mshahara ukichelewa tu, vijana wanamwambia "rudini kwenu". Huo nao ni ubaguzi wa rangi, na wanaousema ni sisi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, utaifa, kabila, mahali alikotoka, dini, maoni ya kisiasa na mengine kadhaa. Hakisemi mbaguzi awe na ngozi gani.

"Ule ni utani tu."

Utani tunaujua. Mtani anaweza kuja msibani akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna anayenuna, maana kesho na wewe utamfanyia. Utani una kwenda na una kurudi. Foromani akimwita kibarua wa Kimakonde "mla panya" kila asubuhi, na kibarua akijua kwamba akijibu kesho hana kazi, kurudi hakupo. Sheria inauhesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ni ubaguzi.

"Mwenye kampuni ana haki ya kuchagua watu wake."

Ana haki, ila ina mipaka. Anaruhusiwa kuangalia sifa ambazo kazi yenyewe haiendi bila hizo, na kuwatangulizia raia nafasi kwa utaratibu wa sheria. Hili la raia ndilo linalotuchanganya huku kwetu. Toka habari za gesi ya Mnazi Bay zipambe moto, na watu wakaingia barabarani mwaka 2013 kulipinga bomba la kwenda Dar es Salaam, neno "mwenyeji" limekuwa na uzito wake. Uchungu ule naujua, nilikuwepo. Lakini Msukuma aliyekuja kuchomelea vyuma Mtwara ni raia, si "mtu wa kuja". Kumnyima kazi kwa sababu ya alikotoka ni kosa lile lile analofanyiwa kijana wa Lindi akiwa Dar, anapoambiwa Mmachinga hana kichwa cha ofisi. (Na jina machinga lenyewe, kwa wasiojua, limetokea huku huku kwetu.)

"Aliyechanganya siasa na kazi kajitakia."

Dereva wetu hakuhutubia mtu juu ya tipa. Alivaa fulana siku yake ya mapumziko, maili kadhaa kutoka kambini. Mwajiri anaweza kukataza kampeni saa za kazi. Hawezi kumwadhibu mtu kwa chama anachokipenda. Hata mtumishi wa umma anaruhusiwa kuwa mwanachama, anachokatazwa ni kufanya siasa kazini. Na Ibara ya 13 ya Katiba inapoeleza maana ya kubagua, inayataja maoni ya kisiasa pamoja na rangi na kabila.

"Bila barua huna kesi."

Hii ndiyo iliyotumaliza. Ni kweli, hakuna bosi anayeandika "nimekuondoa kwa sababu ya kabila lako", na sheria inalijua hilo. Mfanyakazi akionyesha ushahidi wa mwanzo unaoeleweka, ni kazi ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Ushahidi huo mara nyingi unatoka kwa aliyeona: siku gani, maneno gani, nani mwingine alikuwa pale.

Ukurasa wangu wa siku ile una majina 14. Kila jina lililokatwa siku nyingine lina neno pembeni: mgonjwa, ruhusa, msiba. Lake halina kitu, mstari tu. Karatasi ilikuwepo, tena kwa mwandiko wangu.

"Kibarua hana sheria." Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Katazo la ubaguzi, hata hivyo, linamlinda tangu anapoomba kazi.

"Kule wanakwenda wenye hela." Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, haitozi ada ya kufungua shauri. Mnaanza kwa usuluhishi, na unaweza kusimama mwenyewe au na mtu wa chama chako cha wafanyakazi.

Hofu ya shahidi siiweki kwenye dhana potofu. Kufukuzwa kwa kutoa taarifa ambayo sheria inakuruhusu kuitoa si sababu halali, lakini mtoto halishwi kifungu cha sheria. Nami nilikuwa na wawili.

"Nitasema mambo yakitulia."

Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri. Migogoro mingine ina siku 60. Mimi nilisubiri uchaguzi upite, kisha nikasubiri foromani ahamishwe.

Dereva nilikutana naye kwenye kivuko cha Msangamkuu, kapakata ndoo ya samaki. Akaniuliza bila hasira: "Mdogo wangu, ile siku ilikuwaje?" Nikamwambia yote, na fulana, na kicheko, na rula. Tukahesabu kwa vidole: siku 71. Nikamweleza kwamba aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, ila lazima atoe sababu za kuchelewa.

"Sasa hapo kwenye sababu niandike nini?"

Nikamwambia aandike jina langu.