Je, kiti cha mbele ndicho chenye sauti bora?

Wapenzi wengi wa muziki hapa Dodoma huamini kwamba anayekaa mbele kabisa kwenye tamasha la roki ndiye anayesikia vizuri zaidi. Kwa kumwona mpiga gitaa, hapana ubishi. Sauti ni jambo jingine: spika kuu kwa kawaida hutundikwa pande mbili za jukwaa na kuelekezwa katikati ya hadhira, hivyo aliye chini ya jukwaa husikia zaidi ngoma na gitaa, huku sauti ya mwimbaji ikimpita juu. Ndiyo maana fundi mitambo huweka meza yake katikati, kwani hurekebisha sauti kwa kadiri anavyoisikia pale alipo.

Shangwe ina mkondo wake. Waliosimama wamebanana huambukizana msisimko upesi kuliko waliotenganishwa na viti. Tena, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, walio umbali wa mita 68 husikia ngoma ikiwa imechelewa sekunde 0.2, na makofi yao huchelewa vivyo hivyo, jambo ambalo wengi hulidhania ugoigoi.

Anayetaka kuhakikisha na asimame karibu na meza ya fundi, kisha asogee mbele, akisikiliza kama maneno ya wimbo bado yanasikika waziwazi.