Uwe umeketi dunguni saa ngapi kabla hakujakucha?

Kila msimu wa mawindo ukikaribia naulizwa swali hili, na anayeuliza hutaka namba moja tu. Ninayo: uwe umeketi dunguni, yaani kwenye jukwaa la kuwindia kulungu lililofungwa juu ya mti, dakika 45 kabla ya muda halali wa kupiga kuanza. Kufika chini ya mti hakuhesabiki. Uwe juu, mkanda wa usalama umefungwa, silaha tayari, na pumzi imeshatulia.

Wengi hukosea kwa kuhesabu kuanzia macheo. Mimi hurudi nyuma kidogo kidogo. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu kupiga kulungu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kanuni hutofautiana, kwa hiyo soma za eneo unalowinda. Tuseme jua linachomoza saa 12:50 asubuhi. Muda halali ni saa 12:20, basi niwe nimeketi saa 11:35. Kupanda, kuvuta upinde kwa kamba na kuvaa koti hunila robo saa, kwa hiyo chini ya mti nifike saa 11:20. Njia ambayo mchana naimaliza kwa dakika 15, gizani naipa 30. Naacha gari saa 10:50. Ukishaandika hesabu hii kwenye karatasi utashangaa jinsi usiku unavyokuwa mfupi.

Kwa nini 45? Kwanza kwa sababu ya macho ya kulungu. Nyuma ya retina yake, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, kuna tabaka linalourudisha mwanga upite mara ya pili. Ndilo linalong'aa ukimmulika kwa tochi. Tena huiona vizuri rangi ya buluu, ambayo ndiyo inayotawala alfajiri. Wakati wewe bado unapapasa ngazi, yeye ameshaona kitu kirefu kikipanda mti. Wekundu haumshtui sana, ndiyo maana natumia taa nyekundu ya kichwani, nimeielekeza miguuni, na kuizima kabla ya kupanda kila ninapoweza kuona vipandio.

Pili, msitu unahitaji muda wa kukusahau, na hili ndilo ninalotaka ulielewe kuliko mengine yote. Ukipita, wadudu wananyamaza, vijinyama vinajificha, na ukimya huo wenyewe ni habari kwa kulungu. Akisikia nyayo si lazima akimbie. Mara nyingi husimama tu, masikio yameelekea ulipo, na anaweza kusimama hivyo kwa dakika nyingi. Ukikaa kimya vya kutosha, atateremsha kichwa na kuendelea kula. Ukikohoa, umekwisha.

Asubuhi moja nilichelewa kwa dakika 20 hivi, nikaongeza mwendo ili kuzifidia. Nilikuwa kwenye kipandio cha tatu kutoka juu pale kibanio cha mkanda kilipogonga chuma cha ngazi. Mlio mmoja, mdogo, kama kijiko kwenye ukingo wa kikombe. Nikaganda. Hesabu ya kumi haikufika, nikasikia pumzi ikipulizwa kwa nguvu puani, karibu mno, kisha mkia mweupe ukapepea kwenye kijivu cha alfajiri ukapotea. Nilikaa hadi saa 4 bila kuona hata unyoya. Tangu siku hiyo kila kibanio changu nimekizungushia kitambaa, na sikimbizani tena na saa.

Ukichelewa, usiende. Kaa ndani ya gari mpaka kuwe kweupe kabisa, halafu ingia polepole ukiangalia mbele kwa makini. Kufika saa mbili nzima mapema kuna gharama yake ya baridi, na kufika mchana kuna nafasi yake, hasa msimu wa kupandana ambapo madume hutembea hata adhuhuri. Lakini kufika katika zile dakika 20 za kijivu ni kwenda kuwafukuza wale uliowafuata.

Namba yangu hubadilika kulingana na mahali dungu lilipo. Kulungu hula usiku kwenye mashamba na mabonde yenye majani, na alfajiri hurudi kwenye vichaka vyao vya kulala. Dungu lililo karibu na malazi linataka uwe umeketi dakika 90 kabla ya muda halali, maana baadhi yao hurejea giza likiwa bado zito. Dungu la ukingoni mwa shamba mimi siliendi asubuhi kabisa. Huwezi kulifikia bila kuwapitia wakiwa mezani. Naliacha kwa ajili ya jioni.

Upepo nao una saa zake. Kabla ya jua, hewa baridi hutiririka kuelekea bondeni kama maji, na harufu yako huifuata. Jua likishaupasha mlima, hewa hugeuka na kuanza kupanda. Kwa hiyo njia ya kuingilia naichagua kwa hewa ya gizani, na mahali pa kukaa kwa hewa ya baadaye. Ukifika umelowa jasho, hesabu hiyo yote imeharibika, na baridi itakutetemesha muda ule ule unaotakiwa usijongee. Natembea na fulana nyepesi hata kama nasikia baridi, koti zito liko mgongoni, nalivaa juu.

Majani yakiwa makavu, au yameganda kwa jalidi, ongeza dakika 15 nyingine. Hatua za binadamu zina mdundo mmoja usiokatika, na kulungu anaujua. Yeye hutembea hatua tatu nne, husimama, hutembea tena. Tembea hivyo. Baada ya mvua majani hulainika na unaweza kupunguza kidogo.

Kupanda ndiyo sehemu pekee ambayo siipunguzii muda kwa sababu yoyote. Mkanda unafungwa kwenye kamba ya usalama ukiwa bado ardhini, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, visiachie ngazi, na bunduki inavutwa juu kwa kamba ikiwa haina risasi. Mwenye haraka huruka moja ya haya.

Na kama unawinda Marekani, kumbuka Jumapili ya kwanza ya Novemba: katika majimbo mengi saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Jua lililochomoza saa 1:30 Jumamosi litachomoza karibu saa 12:30 Jumapili. Jumamosi usiku, kabla ya kulala, naandika upya hesabu yangu yote kuanzia juu.