Kwa nini mwanafunzi kiziwi huandika Kiingereza namna ile?

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Moshi, anayefundisha Kiingereza katika darasa lenye viziwi na wanaosikia, aliwahi kuniambia kwamba hata majina yaliyo juu ya madaftari yakifichwa, huweza kuzitenga insha za viziwi kabla hajafika mwisho wa ukurasa wa kwanza. Nilipomwuliza anazitambuaje, alijibu kwamba sentensi zao hazina viungo. Nilicheka, kwa kuwa mawazo yangu yalikwenda kwenye bizari na pilipili manga, lakini yeye alikuwa na maana ya vile vineno vidogo vinavyoiunga sentensi ya Kiingereza, kama “the”, “is”, “to” na “of”, pamoja na herufi zinazoning’inia mwishoni mwa maneno, kama “-s” na “-ed”. Alichokiona ni kweli. Anapokosea, kwa maoni yangu, ni pale anapohitimisha kwamba insha hizo zimeandikwa ovyo.

Tuchukue mfano. Kifungu kifuatacho si cha mtoto yeyote. Nimekitunga mwenyewe kwa kufuata mienendo inayojitokeza mara kwa mara katika maandishi ya aina hii:

“Saturday I with mother go Kiboroloni. Clothes many. Man sell shirt blue. Mother look, not want. Other man call. He give, she pay money small. First man angry. Finish, we home.”

Yeyote aliyewahi kwenda soko la Kiboroloni kununua mitumba ameelewa kisa chote bila kusaidiwa. Hata hivyo, msahihishaji mwenye kalamu nyekundu atapata kosa karibu katika kila sentensi. Swali ni kwamba makosa hayo yanatoka wapi, na kwa nini ni yale yale kutoka daftari moja hadi jingine. Mwanaisimu wa Uingereza S. Pit Corder alieleza mwaka 1967 kwamba mtu anayejifunza lugha hateleziteleza tu. Anajijengea kanuni zake mwenyewe, na kosa linalorudiwa ni ushahidi wa kanuni hizo. Miaka mitano baadaye Larry Selinker akaipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita lugha ya kati, yaani mfumo ambao si wa lugha aliyotoka nayo mwanafunzi wala wa lugha anayoiendea, ila una mpangilio wake. Kifungu chetu kinapaswa kusomwa kwa jicho hilo.

Tuanze na sikio. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza, nomino na vitenzi hutamkwa kwa mkazo, lakini vineno vya kuunga humezwa, na mtoto anayesikia huvizoea polepole kwa kuvisikia mara maelfu kabla hajaambiwa kwamba vinaitwa vibainishi au vihusishi. Alama ya wakati uliopita ndiyo iliyofichika zaidi: katika “walked” husikika kama “t”, katika “played” kama “d”, na katika “wanted” hupata silabi yake yenyewe, ilhali kwenye karatasi zote tatu huandikwa kwa herufi mbili zile zile. Wapo wanaodhani kwamba kiziwi huyafidia hayo yote kwa kusoma midomo. Simama mbele ya kioo, useme “papa”, “baba” na “mama” bila kutoa sauti: midomo haitaonyesha tofauti yoyote, kwa sababu kinachozitenga sauti hizo tatu kipo kooni na puani. Ikiwa Kiswahili, chenye silabi zilizo wazi, kinamficha mtazamaji baba na mama yake, basi “s” ya mwisho wa neno la Kiingereza linalosemwa haraka haina tumaini kubwa.

Mwanafunzi kiziwi, basi, hukutana na sehemu kubwa ya sarufi ya Kiingereza kwenye karatasi tu. Na karatasi humwonyesha maneno yenye maana nzito, kama “mother”, “shirt”, “angry”, kwa urahisi zaidi kuliko yale ambayo hata ukiyatafuta duniani huwezi kuyaonyesha kwa kidole. Nani amewahi kuiona “of”?

Sababu ya pili ipo mikononi. Kwa muda mrefu walimu wengi duniani waliamini kwamba alama ambazo viziwi huzungumza nazo kwa mikono ni maigizo yasiyo na sarufi, na mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880 ulipitisha azimio la kuupa usemi wa mdomo nafasi ya kwanza na kuziondoa alama madarasani. Ilichukua miaka 80 kabla ya William Stokoe, aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, kuchapisha mwaka 1960 uchambuzi uliothibitisha kwamba alama za Marekani zina mfumo wa ndani unaoweza kuchanganuliwa kama ule wa lugha yoyote nyingine. Tangu hapo lugha nyingi za alama zimechunguzwa, na Tanzania inayo yake, ambayo watumiaji wake huiita Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa kifupi LAT.

Lugha ya alama haiungi maneno kwa viambishi vya mwisho kama Kiingereza. Katika lugha nyingi za alama, wakati hutajwa mwanzoni, kwa mfano “jana” au “Jumamosi”, na vitenzi vyote vinavyofuata hukaa chini ya kivuli cha neno hilo bila kubadilishwa umbo. Ndiyo maana “Saturday” imetangulia, kisha “go”, “sell” na “call” zikaachwa tupu: mwandishi amekwisha kusema wakati, haoni sababu ya kuusema mara saba. Hata ile “finish” ya mwisho ina asili. Lugha kadhaa za alama, ikiwamo ya Marekani, zina alama yenye maana ya kwisha ambayo hutumika kuonyesha kwamba tendo limetimia. Msomaji wa Kiswahili asiishangae sana, kwani sisi wenyewe tulikichukua kitenzi “kwisha”, tukasema “nimekwisha kula”, kisha tukakifupisha mpaka kikawa kiambishi ndani ya “nimeshakula”.

Uso nao ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikipandishwa, kauli inageuka kuwa swali. Kichwa kikitikiswa, inakanushwa. Vitu hivyo havina herufi, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika “You go market?” pengine ameuliza swali lililokamilika kabisa, isipokuwa nusu yake imebaki kwenye nyusi.

Hapa, hata hivyo, mchambuzi wa insha za Moshi au Arusha anatakiwa kuwa mwangalifu kuliko mwenzake wa Marekani, kwa sababu kati ya LAT na Kiingereza kimekaa Kiswahili. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kikamgeuzia masomo karibu yote kuwa ya Kiingereza. “Shirt blue” huenda haina uhusiano wowote na uziwi, kwani kila Mswahili husema “shati la bluu”, nomino kwanza na sifa baadaye. Kuchanganya “he” na “she” ni vivyo hivyo: kiambishi chetu “a-” hakijali mwanamume wala mwanamke, na madarasa ya wanaosikia yamejaa sentensi kama “My mother he is sick”. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kilicho cha viziwi hasa hana budi kuziweka insha zao kando ya insha za wanafunzi wanaosikia wa darasa lile lile, si kando ya Kiingereza cha mtoto wa London. Akifanya hivyo, makosa mengi yaliyodhaniwa kuwa ya uziwi hugeuka kuwa ya Uswahili, na yanayobaki huwa ni kuachwa kwa “is” na “was”, vitenzi visivyo na alama ya wakati, vihusishi vilivyopotea, pamoja na tatizo la sentensi zilizo ndani ya sentensi.

Hilo la mwisho lilichunguzwa kwa kina na Stephen Quigley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1970, kwa wanafunzi viziwi wa Marekani wenye umri wa kati ya miaka 10 na 18. Waliona kwamba wengi huisoma sentensi ya Kiingereza kwa kanuni moja: nomino, kitenzi, nomino, na nomino ya kwanza ndiyo mtenda. Kwa kanuni hiyo, “The boy was helped by the girl” hueleweka kwamba mvulana ndiye aliyemsaidia msichana. Vilevile “The boy who hit the girl went home” husomeka kana kwamba msichana ndiye aliyekwenda nyumbani, maana “girl” ndiyo nomino iliyo jirani na “went”. Kanuni si mbaya. Katika sentensi nyingi za Kiingereza inatoa jibu sahihi. Tena mtego wa namna hiyo upo katika Kiswahili chetu, ambako tofauti ya “Neema alisaidia” na “Neema alisaidiwa” imebebwa na herufi moja, “w”, ambayo anayesikia huipata bure.

Ugumu huo hautokani na masikio peke yake, na hapa ndipo hoja inapokuwa nzito. Nchini Marekani, ambako takwimu zimekusanywa kwa miaka mingi, zaidi ya watoto viziwi 9 katika kila 10 wana wazazi wanaosikia, na utafiti wa huko umeonyesha mara nyingi kwamba wale wachache wenye wazazi viziwi, waliokua wakizungumza kwa alama tangu uchanga, kwa wastani huwapita wenzao katika kusoma Kiingereza. Kama uziwi wenyewe ndio ungekuwa kizuizi, makundi yote mawili yangekwama sawasawa. Mtoto anayezaliwa kiziwi katika nyumba ya watu wanaosikia huko Machame au Old Moshi huweza kuwa na mama mwenye upendo na ishara za nyumbani za “njoo”, “kula” na “lala”, lakini akaingia shule akiwa na miaka 7 au zaidi bila lugha hata moja iliyokamilika. Anayejifunza Kiingereza juu ya lugha ya kwanza ana mahali pa kukiegemeza; huyu anatakiwa kujenga msingi na kuezeka paa siku hiyo hiyo.

Kutoka kwenye sarufi twende kwenye usemi, yaani namna sentensi zinavyoshikana kuwa kisa kimoja, na hapa picha hubadilika. Wachambuzi hutenganisha mshikamano, ambao ni viunganishi na viwakilishi vinavyoonekana kwenye maandishi, na muwala, ambao ni mtiririko wa maana wenyewe. Katika kifungu chetu mshikamano ni hafifu: hakuna “because”, hakuna “but”, na msomaji ndiye anayejaziliza kwamba mchuuzi alikasirika kwa kuwa mwenzake alimnyang’anya mteja. Muwala, kinyume chake, ni imara. Siku imetajwa, mahali pametajwa, tukio la kwanza limeshindikana, la pili limefanikiwa, likazaa hasira, kisha watu wakarudi nyumbani. Zaidi ya hayo, mwandishi ametofautisha “other man” na “first man”, maana yake alijua kwamba msomaji ataweza kuwachanganya. Nimesoma insha za wanaosikia zenye “the” nyingi mahali pake ambazo sikuweza kujua nani alimfanya nini nani.

Tabia nyingine ya usemi inayotoka mikononi ni uigizaji wa wahusika. Msimuliaji kwa alama hageuzi kauli kuwa ya taarifa; hugeuza bega, akawa mchuuzi, kisha akageuza jingine, akawa mama. Kwenye karatasi hutokea mfululizo wa maneno, “Come, cheap. No, big. Come”, bila “he said” wala “she said”, na msahihishaji hupoteza mwelekeo kwa sababu bega halikuandikwa.

Mwalimu niliyeanza naye alikubali kujaribu jambo moja. Alimwomba mwanafunzi wake kiziwi akisimulie kwa alama, mbele ya kamera ya simu, kisa kile kile alichokuwa amekiandika, nacho kilihusu mbuzi aliyeingia katika duka la jirani. Tuliitazama video hiyo pamoja na mkalimani, daftari likiwa wazi mezani. Mwenye duka aliwekwa upande wa kushoto, mwenye mbuzi upande wa kulia, na kila “he” iliyotutatiza katika daftari ilikuwa na mahali pake hewani. Wakati uliopita ulikuwapo, swali lilikuwapo kwenye nyusi, na “because” ilikuwapo katika namna mwenye duka alivyoutazama kwanza unga uliomwagika, ndipo akamtazama mbuzi. Vitu viwili tu vilikosekana kotekote, mikononi na karatasini, navyo ni “a” na “the”. Mkalimani, ambaye anasikia vizuri na amezungumza Kiswahili maisha yake yote, alisema hata yeye vimemshinda.