Je, wajua? Rundo la takataka linatoaje kivuli cha watu wawili?

Swali liko hivi. Kuna rundo la takataka sakafuni, taka za kweli kabisa, zile za maisha ya nyumbani ya miezi sita. Mbele ya rundo kuna taa, nyuma yake ukuta. Ukutani kuna kivuli, ila ukitafuta umbo la rundo hulioni, unachoona ni mwanamume na mwanamke wameketi wamepeana migongo, mmoja anakunywa mvinyo mwingine anavuta sigara, tena nyuso zao zinaonekana kwa upande, zimetulia kabisa. Inakuwaje?

Kazi yenyewe inaitwa Dirty White Trash (with Gulls), ya mwaka 1998, wameitengeneza Tim Noble na Sue Webster, wasanii wa Uingereza waliokuwa wapenzi tangu wakisoma sanaa pamoja Nottingham. Hao wawili wa kwenye kivuli ni wao wenyewe, na taka ni zao.

Mimi hili swali niliwahi kulijibu, tena kwa kujiamini, na nikakosea vibaya. Picha ilinifikia kwenye simu, nikaona watu wanashangaa, nikawaambia acheni hizo, ni projekta tu, kuna mchoro umeandaliwa unarushwa ukutani halafu hilo rundo wamelimwaga hapo mbele kuzuga. Mmoja akabisha. Nikamletea ushahidi: kwenye orodha ya vitu vilivyotumika imeandikwa takataka za wasanii za miezi sita, shakwe wawili waliokaushwa (wale ndege wa baharini, ndiyo, ndege halisi), na projekta ya mwanga. Si hiyo hapo, projekta! Akanyamaza, mimi nikaona nimeshinda.

Kumbe projekta ipo kweli ila ndani yake hakuna picha yoyote. Inatoa mwanga mtupu, kazi yake ni ileile ya tochi. Ukiliondoa rundo hakuna mtu ukutani, unabaki na mwanga na ukuta. Na ingekuwa kuna mchoro unarushwa kama nilivyodai, rundo lenyewe lingetupa kivuli chake juu ya huo mchoro na kuuharibu, kitu ambacho ningekigundua kwa kufikiri dakika moja tu, lakini nani anafikiri akiwa anashinda mabishano.

Nilipokubali hilo nikaingia kosa la pili, na hili naona wengi tunalo. Nikasema basi rundo halina umbo, kivuli ndicho chenye umbo, kama vile ukuta umefanya muujiza. Hapana. Rundo lina umbo la watu wawili muda wote, hata taa ikizimwa. Tatizo ni sisi, tumesimama pabaya. Aliyesimama pazuri ni taa.

Hebu chukua mvua, ile inayoshuka wima bila upepo. Watu watano wamesimama na miamvuli, mmoja kaukunjua chini kifuani, mwingine kaunyanyua juu, miamvuli inapandana. Angalia ardhi: kuna eneo kavu moja, na hilo eneo halikuambii chochote kuhusu nani yuko juu na nani yuko chini. Chini ya mwamvuli mmoja ni pakavu, chini ya mitano iliyopandana ni pakavu vilevile, hapazidi kukauka. Ardhi inajua jambo moja tu, tone limefika au halijafika. Ukuta wa Noble na Webster ndiyo hiyo ardhi. Kila mwale wa mwanga ama umepita ama umezuiwa, na uliozuiwa hausemi umezuiwa na kopo lililo karibu na taa au boksi lililo nyuma kabisa. Kwa hiyo tuseme kipande cha karatasi mbele kinafanya paji la uso na kizibo kilicho hatua nzima nyuma yake kinafanya pua. Sakafuni hawajuani, ukutani ni uso mmoja.

Mfano wa mvua unaishia hapo, kwa sababu matone yanashuka sambamba na mwanga wa taa unatawanyika. Ndiyo maana kidole gumba ukikisogeza jichoni kinaziba mwezi mzima, na mwezi wenyewe unaweza kuziba jua, ingawa kipenyo cha jua ni kama mara 400 ya kile cha mwezi, kisa jua liko mbali kama mara 400 zaidi. Cha karibu kinajifanya kikubwa. Weka kizibo cha sentimita 10 mita 2 kutoka kwenye taa, ukuta uwe mita 3 kutoka kwenye taa: kivuli kitakuwa sentimita 15. Kisogeze kizibo hichohicho kifike mita 1 kutoka kwenye taa, kivuli kinakuwa sentimita 30, pua imegeuka kuwa mkonga. Rundo lina kina, kwa hiyo kila taka ina saizi yake kulingana na ilipolala.

Sasa ukiweza kuweka jicho lako pale ilipo taa (izime kwanza) ungeona mpaka wa rundo umekaa vilevile kama ule wa kivuli, paji, pua, kidevu, vyote. Hiyo ndiyo siri nzima. Ni sanamu yenye sehemu moja tu ya kuitazamia, na hiyo sehemu wamempa mtu asiye na macho. Sogea pembeni hata kidogo vile vipande vinaachana, unarudi kuona jalala.

Kingine kilichonifurahisha ni kwamba katikati ya rundo ni kujazia tu. Ukishaziba mwanga umeziba, huko ndani unaweza kutupia chochote mradi usiache upenyo, maana upenyo ni tundu jeupe kwenye tumbo la mtu. Kazi ya kuumiza kichwa yote iko pembezoni, kwenye ule mstari ambapo mwanga unakaribia kupita. Na ili mstari huo uwe mkali, chanzo cha mwanga kinatakiwa kiwe kidogo. Taa ndefu ya dari haifai, kila sehemu yake inatupa kivuli chake, vinapishana kidogo na kingo zinakuwa na ukungu. Tochi ya simu inafaa sana, nimejaribu kwa makopo na vijiko.

Kwenye kujaribu huko ndiko nikaelewa, au nadhani nimeelewa, kwa nini hii ni kazi ya watu wawili. Ukishika kijiko mkono wako nao unatoa kivuli, kwa hiyo unaona mkono na kijiko, hujui pua imekaaje. Ukikiachia kinaanguka. Anatakiwa mtu aangalie ukuta aseme juu, juu, hapo, mwingine asogeze bila kuangalia. Mgawanyo huo ni makisio yangu kutokana na vijiko vyangu, msiuchukue kama historia ya wale wawili.

Kilicho wazi ni uhusiano wa kivuli na taka. Hizo taka ni mabaki ya vitu walivyovitumia kuishi katika muda uleule waliokuwa wakiitengeneza kazi. Yaani walichokula na kunywa ndicho kilichowachora wakipumzika. Miaka iliyofuata wakafanya na HE/SHE, safari hii vyuma chakavu vilivyochomelewa, vivuli viwili, yeye mume amesimama anakojoa na yeye mke kachuchumaa anakojoa. Maisha ya nyumbani kweli, hakuna kupamba. Walioana 2008, baadaye wakaachana.

Na wala hawakuwa wa kwanza kuunganisha kivuli, mapenzi na sanamu. Plinio, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, anasimulia kwamba binti wa mfinyanzi aitwaye Butades, mtu wa Sikioni aliyefanya kazi Korintho, miji ya Ugiriki, alichora ukutani kivuli cha uso wa mpenzi wake aliyekuwa anasafiri mbali, akifuata mwanga wa taa, halafu baba akajaza udongo juu ya mstari ule na kuuchoma pamoja na vyungu vyake. Ni hadithi, hakuna wa kuithibitisha. Ila pale kivuli kilitangulia na sanamu ikafuata, na baba alikuwa na mstari wa kujazia. Noble na Webster walianza na jalala.